Gari linagonga mbele baada ya kubadilisha shokapu nyumbani: je, ninunue nyingine?

Swali. Msomaji wa Sakina, Arusha, ana Toyota Premio ya mwaka 2004. Wiki mbili zilizopita alibadilisha mwenyewe, uani kwake, shokapu mbili za mbele, linki zote mbili za stabilaiza (vijiti vinavyounganisha shokapu na chuma cha kupunguza kulala kwa gari) na bushi za wishboni (raba za mkono wa chini unaoshika gurudumu); springi na maunti (vishikio vya raba vya juu ya shokapu) za zamani alizirudisha. Tangu siku hiyo gari linagonga "ko, ko" upande wa kushoto linapopita polepole kwenye barabara ya vumbi ya kuingia kwake, ilhali kwenye lami ya kuelekea Kisongo limetulia kabisa. Asubuhi, akikata usukani ili atoke getini, husikia pia mkwaruzo kama "ngwii". Fundi mmoja amemwambia shokapu ni bandia, na mwenye duka anakana. Anauliza kama anunue jozi nyingine.

Jibu. Ndugu yangu, fedha yako ibaki mfukoni kwanza. Shokapu mpya inaweza kuwa mbovu, na bandia zipo madukani, hilo silikatai; lakini mlio unaoanza siku ileile gari liliposhushwa kwenye jeki mara nyingi hutokana na jinsi kitu kilivyofungwa, wala si kitu chenyewe. Shokapu iliyokufa hujitambulisha kwa dalili zake: huvuja mafuta, au gari huendelea kudunda baada ya tuta, au hulala vibaya kwenye kona na kuinamisha pua kila ukigusa breki. Wewe hukutaja hata moja kati ya hizo. Ulichotaja ni mlio mfupi, mkavu, unaotokea kwa mwendo mdogo kwenye vishimo vidogo, na maelezo hayo yananisaidia kuliko jina la spea uliyonunua. Yananiambia kwamba nguvu ndogo tu inatosha kukigongesha kitu hicho, maana yake kuna uwazi mdogo mahali ambapo vyuma viwili vilipaswa kubanana.

Kabla hatujautafuta uwazi huo, naomba leo hii hii, usisubiri Jumamosi, ukague mambo matatu ambayo si ya kelele bali ya usalama. La kwanza ni nati za tairi. Kwa Toyota ndogo nyingi zinafungwa kwa Nm 103 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na zinapaswa kukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu tairi lilipofunguliwa, kwa sababu kutu na vumbi vilivyokuwa kati ya diski na habu, yaani kitovu cha gurudumu, husagika na kuacha nafasi. La pili ni bolti mbili kubwa zinazoishika shokapu kwa chini kwenye chuma kinachobeba habu. Zikilegea, gari litagonga ukikanyaga breki na ukikata kona, lakini lililo baya zaidi ni kwamba tairi linabadilisha mlalo wake likiwa barabarani. La tatu, kama ulifungua boljointi, kile kiungo cha kigololo kati ya wishboni na gurudumu, ili kuitoa wishboni, hakikisha nati yake imekazwa na splitipini (pini ya kuizuia nati isifunguke) imepita kwenye tundu na kukunjwa. Boljointi ikichomoka, gurudumu linalala ubavuni na gari halishikiki tena, na kwenye mteremko kama ule wa kutoka Ilboru sitaki hata kuliwaza.

Gari unapolinyanyua, weka mawe nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kisha livalishe stendi za chuma. Matofali ya saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Uani kwa watu wengi Arusha hakuna sehemu iliyo tambarare, kwa hiyo usilione hili kuwa jambo la kupita.

Sasa tuje kwenye mlio wenyewe. Usiliamini sana sikio lako kuhusu upande. Bodi ya gari ni bati lililochomelewa kuwa kipande kimoja, na mlio wa chuma kilichoko kulia unaweza kukufikia kupitia sakafu na ukuta wa mbele ukidhani unatoka kushoto, hasa wewe dereva ambaye umekaa kulia na kila cha mbali unakisikia kuwa cha kushoto. Badala ya kusikiliza, lipe gari mtihani ambao jibu lake ni ndiyo au hapana.

Tafuta tuta dogo lisilo na watu wala magari. Lipande mara ya kwanza ukiwa umelinyooshea gari sawasawa, magurudumu mawili ya mbele yapande kwa pamoja, mwendo wa kutembea kwa miguu. Rudi, ulipande mara ya pili kwa mshazari, gurudumu la kushoto litangulie na la kulia lifuate. Kama mara ya kwanza gari lilikuwa kimya na mara ya pili likagonga, umeshapunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Chuma cha stabilaiza kinaunganisha mguu wa kushoto na wa kulia, na kazi yake ni kupinga tofauti kati yao. Miguu yote miwili ikipanda kwa pamoja, chuma hicho huzunguka tu ndani ya bushi zake na linki hazibebi mzigo wa maana. Mguu mmoja ukipanda peke yake, chuma kinajisokota na linki zinavutwa na kusukumwa kwa nguvu. Barabara ya vumbi yenye vishimo vya hapa na pale ni mshazari mtupu, gurudumu hili juu na lile chini kila hatua, ilhali lami nzuri haina tofauti hiyo. Ndiyo maana uliposema lami iko kimya na vumbi linagonga, mawazo yangu yalikwenda kwenye linki kabla ya kufika kwenye shokapu.

Kuthibitisha ni rahisi. Ondoa linki zote mbili, kushoto na kulia, usiache moja. Funga ncha za chuma cha stabilaiza kwa waya ili zisigonge mahali pengine wala zisiguse mpira wa breki, kisha pita kwenye ile barabara ya kwako kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo usilipeleke barabara kuu, ni mita mia mbili tatu tu kwenda na kurudi. Mlio ukitoweka, mwenye kosa umempata. Ukibaki vilevile, rudisha linki na uhamie kwenye nati ya juu ya shokapu, nitakayoieleza baadaye.

Kwa nini linki mpya igonge? Mara nyingi kwa sababu haijakazwa kweli, ingawa mkono wako unasema imekazwa. Kichwa cha linki ni kigololo kilichomo ndani ya kikombe, na kigololo hicho kinazunguka. Ukifunga nati kwa spana peke yake, inafika mahali uzi wake unaanza kuzunguka pamoja na nati. Unasikia uzito kwenye spana, unadhani umefika mwisho, kumbe unazungusha kigololo kwenye grisi yake. Mwishoni mwa uzi huo kuna tundu la alenki: ishike hapo isizunguke, kisha kaza nati kwa spana. Kwenye Toyota nyingi za kundi hili nati ya linki inakazwa kwa Nm 74, nguvu ambayo huipati kwa spana fupi ukiwa umelala chali. Angalia pia uso wa bati la shokapu ambapo linki inakaa. Shokapu mpya huja na rangi nene, na donge la rangi au mchanga likibaki hapo, linki inaliegemea. Baada ya siku chache za mitikisiko donge linasagika, na nati uliyoikaza inabaki na uwazi wa unene wa karatasi. Uwazi huo unatosha kabisa kutoa "ko, ko" yako. Futa mpaka uone bati, kaza, kisha chora mstari wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bati. Wiki ijayo mstari ukiwa umekatika, utajua nati imerudi nyuma bila kubahatisha.

Tukiwa hapohapo, shika zile bushi mbili zinazokikumbatia chuma cha stabilaiza kwenye krosmemba, ile fremu ya chuma iliyokatiza chini ya injini. Hukuzitaja, kwa hiyo nadhani ni za zamani. Linki za zamani zilipokuwa zimelegea, zilikuwa zinameza sehemu ya mtikisiko na kuuficha uchovu wa bushi hizo. Sasa linki ni ngumu na bushi zimebaki peke yake. Na kama ulilazimika kulegeza bolti za krosmemba ili bolti ya wishboni itoke, jambo linalotokea kwenye magari kadhaa ya umbo hili, zikague nazo zote kwa spana ya torki.

Nati ya juu ya shokapu ndiyo mshukiwa wangu wa pili, na hapa ningependa tuende polepole. Fungua boneti, toa kofia ya plastiki au ya mpira, utaona nati moja katikati, imezungukwa na nati tatu ndogo zinazoshika maunti kwenye bodi. Gari likiwa chini kwa magurudumu yake, weka kidole cha shahada nusu juu ya nati ya katikati na nusu juu ya chuma cha maunti kilicho jirani. Mwambie mtu alibonyeze gari mbele, aliachie, alibonyeze tena, kwa mapigo mafupi ya haraka. Raba ya maunti itacheza, hilo ni sawa, mradi nati na chuma vinapanda na kushuka kwa pamoja. Kama kidole kinahisi nati inaruka peke yake, hata kidogo kama mpigo wa mshipa wa mkononi, fimbo ya shokapu haijabanwa. Kidole hakidanganyiki kwa urahisi kama sikio.

Kosa hapa ni lilelile la linki, ila kubwa zaidi. Fimbo ya shokapu inazunguka, na ukiikaza nati bila kuishikilia, unasokota tu. Mwaka jana nililetewa gari hapa Moshi kutoka Kibosho, mwenyewe amebadilisha shokapu mara mbili na ameanza kuwaza ya tatu. Alikuwa ametumia nati za zamani kwa sababu zilionekana nene na imara kuliko mpya zilizokuja ndani ya boksi. Nati ya zamani ilikuwa na kutu kwenye uzi wake wa mwisho, ikakwama milimita mbili kabla ya kufika chini, ikawa ngumu kwelikweli kwa spana, na chini yake washa ilikuwa inazungushika kwa ukucha. Nati hizi ni za kujifunga zenyewe, zikishatumika mara moja nguvu yao ya kushika hupungua, kwa hiyo tumia zilizokuja na shokapu. Hakikisha pia mpangilio wa washa na beringi ni uleule uliokuta, kwa sababu washa moja ikirudishwa kinyumenyume nati inakaza washa badala ya kuikaza fimbo.

Nisikilize kwa makini katika hili: kuikaza nati hiyo gari likiwa chini hakuna ubaya, lakini usiilegeze kamwe bila springi kubanwa na vibano vyake viwili, kimoja kila upande. Springi iliyobanwa kwenye shokapu ina nguvu za kuvunja taya au kuua. Kama huna vibano vizuri, toa shokapu nzima na uipeleke gereji yenye mashine ya kubania springi; gharama yake ni ndogo.

Sasa ile "ngwii" ya asubuhi. Hii naichukulia kuwa jambo la pili, tofauti na kugonga, na usipozitenganisha utatibu moja na kudhani umeshindwa zote. Gari likiwa limesimama, injini imewashwa, mwambie mtu azungushe usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, nawe weka kiganja juu ya springi upande mmoja kisha wa pili. Springi inapaswa kuzunguka pamoja na shokapu kwa ulaini. Ikikwama kidogo, kisha ikaruka na kutoa mlio kama waya wa gitaa uliovutwa, tatizo ni beringi ya maunti au mkao wa springi. Wewe ulirudisha maunti za zamani, na beringi iliyomo ndani ya maunti imekula vumbi la Arusha kwa miaka. Vumbi hilo la volkano ni laini, linapenya popote, na likichanganyika na grisi linakuwa kama msasa. Ulipoifungua ulihamisha grisi iliyokuwa imeshajitengenezea njia. Kama kuna kitu cha kununua katika kazi hii yote, basi ni maunti na beringi zake, na ningekushauri uzinunue.

Mkao wa springi uchunguze kwa macho na tochi. Ncha ya chini ya springi lazima iguse ile ngazi ndogo iliyochongwa kwenye sahani ya shokapu, isiipande wala isikae mbali nayo. Kwa juu kuna raba, na sahani ya juu kwenye Toyota nyingi ina alama inayotakiwa kuelekea nje ya gari. Springi iliyokaa kombo kwa sentimita moja itakuwa inajirudi kidogo kila unapokata kona.

Kama usukani hautoi mlio wowote lakini gari likibonyezwa ndipo linalia "ngwii", basi ni bushi za wishboni, na hapa ndipo penye kosa ambalo karibu kila anayefanya kazi hii nyumbani kwa mara ya kwanza hulifanya, nami sikulaumu kwa sababu halionekani. Bushi ya wishboni haitelezi. Ni raba iliyogandishwa kwenye bomba la chuma la ndani na la nje, na wishboni inapopanda na kushuka, raba ndiyo inayojisokota. Bolti inapokazwa, bomba la ndani linabanwa lisisogee tena. Ukiikaza gari likiwa juu ya stendi, miguu inaning'inia, umeifundisha raba kwamba hali yake ya kawaida ni ya kuning'inia. Ukilishusha gari, wishboni inapanda, na raba inabaki imesokotwa muda wote hata gari likiwa limeegeshwa. Inalia, inalikalisha gari juu kidogo kuliko lilivyokuwa, na baada ya miezi michache inachanika. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai huifanya raba kuwa ngumu zaidi asubuhi, na ndiyo sababu mlio wa namna hii hupungua mchana jua linapowaka.

Dawa yake haihitaji spea. Legeza bolti za wishboni, hasa ile iliyolala, bila kuzitoa. Weka jeki ya pili chini ya wishboni karibu na boljointi, na kipande cha ubao katikati, nyanyua mpaka uone gari linaanza kuiacha stendi, usizidishe hapo. Sasa mguu umebeba uzito kama unavyobeba barabarani. Kaza hapo, kwa kipimo kilichomo kwenye kitabu cha gari lako. Tafadhali usimwage oili kwenye bushi ili kunyamazisha mlio, kama wengi wanavyoshauriwa pembeni mwa barabara: oili ya injini na grisi ya kawaida huilainisha raba mpaka ikawa kama ugali uliolala kwenye maji, na bushi mpya inakufa mapema kuliko ya zamani.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Kama raba ya kusimamishia mshtuko, ile inayokaa kwenye fimbo ndani ya kifuniko cha vumbi, haikuhamishwa kutoka shokapu ya zamani, gari litagonga kwenye mashimo makubwa, si madogo. Bati jembamba lililo nyuma ya diski hupindika kwa nyundo likatoa mkwaruzo wa mfululizo. Kibano cha mpira wa breki kwenye shokapu kisiachwe bila bolti. Mlio wa "tak-tak-tak" unapokata kona ukiwa unakanyaga mafuta ni wa sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, na huenda mguu uliachwa uning'inie bila kufungwa kwa kamba. Angalia pia juu ya krosmemba na kwenye wishboni kama hukusahau kifaa. Niliwahi kuikuta spana ya 14 imelala hapo, na mwenye gari alikuwa ameitafuta nyumba nzima.

Ukishamaliza, lipeleke gari likapimwe alaimenti, yaani mlalo wa magurudumu. Bolti za chini za shokapu zina uchezaji kidogo kwenye matundu yake, na kuzifungua peke yake kunatosha kubadilisha mlalo wa tairi hata kama usukani unauona umenyooka. Fanya hivyo baada ya kukaza kila kitu, usitangulize.

Na shokapu zako? Ukitoa linki na mlio ukabaki, nati ya juu ikawa imetulia chini ya kidole, bushi zimekazwa zikiwa na uzito, maunti ni mpya, na bado upande mmoja unagonga, hapo ndipo itoe shokapu hiyo na uipime ikiwa imesimama wima, nje ya springi. Ivute na kuisukuma mara tano au sita hadi mwisho, kwa sababu shokapu iliyolazwa dukani kwa muda mrefu huingiza hewa mahali pa mafuta, nayo hugonga mpaka hewa irudi juu. Baada ya hapo uzito wake unapaswa kuwa uleule njia nzima. Ukikuta sehemu ambapo fimbo inaanguka bure kisha inashika ghafla, au fimbo inatikisika ubavuni kwenye mdomo wake, shokapu hiyo ni mbovu kweli. Ipeleke dukani ikiwa mkononi pamoja na ya upande wa pili, mwenye duka azisukume zote mbili kwa mikono yake mwenyewe mbele yako, kisha uombe kubadilishiwa jozi nzima.